Juu ya Nini Machozi Yana Chumvi?



Siku moja ya kupima watoto, mama mmoja aliniuliza hivi: "Muganga, mtoto wangu akilia nami nikimbusu, machozi yake yana chumvi. Chumvi ile inatoka wapi? Yeye ananyonya tu!" Wenzake wakacheka. Mimi sikucheka, maana swali lile linaweza kuokoa mtoto. Basi leo tulijibu, pamoja na maswali mengine yanayolifuata.

Chumvi ya machozi inatoka wapi?

Inatoka katika damu. Damu, jasho na machozi, vyote vina chumvi kidogo. Hata maziwa ya mama yana chumvi kidogo sana. Mwili wa mtu mzima, zaidi ya nusu yake ni maji. Wa mtoto mchanga, karibu robo tatu. Maji hayo yanatembea pamoja na chumvi. Mtoto akihara, vyote viwili vinatoka.

Juu ya nini mtoto anayehara sana analia bila machozi?

Kwa sababu maji yamepunguka, na mwili unayatunza yale yanayobaki kwa kazi ya moyo na ubongo. Ndiyo maana machozi yanakauka, mkojo unakuwa kidogo, mdomo unakauka, macho yanaingia ndani, utosi unabonyea. Finya ngozi ya tumbo: ikirudi polepole, hatari iko karibu. Wengine wanasema utosi umeanguka, wanaupaka dawa. Hapana, wamama. Utosi haukuanguka, ni maji yamepunguka mwilini. Dawa yake inapita mdomoni.

Kumpa maji, si ni kuongeza kuhara?

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, mdogo wangu alihara. Nyanya yetu akasema, "Musimupe maji, yatatoka tu." Mama akatii, maana alimheshimu mkwe wake. Mtoto alikuwa anatazama mtungi. Siku ya tatu tukamzika. Hakuna aliyemchukia, hatukujua tu.

Angalieni mama anayeuza lengalenga sokoni. Jua likipanda, majani yanalegea. Akiyanyunyizia maji mapema, yanasimama tena. Akingoja mpaka jioni, hata ndoo nzima haiyarudishi. Kunyima maji hakuzuii kuhara, kunakausha mtoto tu.

Juu ya nini sukari na chumvi, si maji matupu?

Ndani ya matumbo kuna kama milango midogo. Sukari na chumvi zinaingia pamoja katika mlango mmoja, na maji yanazifuata. Hata wakati wa kuhara mlango huo unaendelea kufanya kazi. Mwalimu Robert Crane alieleza jambo hili mwaka 1960. Mwaka 1971, wakimbizi wengi wa Bangladesh walikuwa kambini Bangaon, kule India, kipindupindu kikawashika. Maji ya kutia katika mishipa yalikuwa yanakwisha. Daktari Dilip Mahalanabis akachanganya sukari na chumvi katika maji, akawapa jamaa vikombe wawanyweshe wagonjwa wao. Mbele ya hapo, katika wagonjwa 100 walikuwa wanakufa karibu 30. Kwa kinywaji kile, wakafa chini ya 4. Wengi walionywesha wagonjwa wale walikuwa jamaa zao tu, watu kama sisi.

Tunaitengeneza namna gani?

Kama una kifuko cha SRO, fuata maandiko yake. Kama huna, twaa litre moja ya maji yaliyochemka na kupoa. Tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko visijae kupita ukingo. Koroga, kisha onja. Ladha isipite chumvi ya machozi! Ikipita, mwaga, anza tena. Munajua makayabo yanavyoleta kiu: chumvi nyingi inavuta maji kutoka mwilini, na mtoto mdogo inaweza kumuua. Yakibaki mpaka kesho, mwaga pia.

Mtoto asiyefika miaka miwili, kila akihara, mpe robo mpaka nusu ya kikombe, kijiko kwa kijiko. Anayepita miaka miwili, nusu mpaka kikombe kizima. Akitapika, ngoja dakika 10, endelea polepole. Usikatize kunyonyesha, wala chakula kwa yule anayekula. Hapa tutakupa pia vidonge vya zinki; vimalize siku zote tulizokuambia, hata kama kuhara kumekwisha.

Wakati gani nikimbie kwa muganga?

Mtoto akishindwa kunywa au kunyonya, akitapika kila kitu, akihara damu, macho yakiingia ndani, akilala bila kuamka vizuri: usingoje asubuhi. Mtoto asiyefika miezi sita umlete mapema, hata bila dalili hizi. Njiani endelea kumnywesha, kama anaweza kumeza.

Sasa, mama wa mstari wa mbele, njoo mezani. Chupa iko hapa, sukari na chumvi ziko hapa. Tengeneza, sisi tutaonja. Na wewe mwingine, ukifika nyumbani, mwonyeshe mama mkwe wako, kwa heshima. Yeye pia anampenda mtoto.