Pilau Haipakwi Rangi

Leo nina deni la kulipa, nalo ni deni la sahani moja ya pilau.

Karibu na ninapoishi hapa Nyakato yupo mama lishe mmoja ambaye kila Ijumaa na Jumapili hupika pilau. Ijumaa moja alinipakulia sahani, nami nikaitazama, nikasema kwa sauti mbele ya wateja wote: "Mama, mbona pilau yako haikukolea? Huu si wali wa mgonjwa?" Watu wakacheka. Mama yule hakunijibu. Mimi nikavuka barabara nikaenda kibanda cha pili, ambako pilau ilikuwa nyeusi kama udongo wa mbuga baada ya mvua. Nikala, nikashiba, nikarudi nyumbani nikijiona mjuzi wa chakula. Lakini kilichobaki kinywani kilikuwa chumvi tu. Siku nyingine nilipopita pale mapema, niliona siri ya rangi ile: ilimiminwa kutoka kwenye chupa ya sosi ya soya.

Basi nikaona haya. Jumapili iliyofuata niliamka alfajiri, nikaenda kwa yule mama. "Shikamoo mama." "Marahaba baba. Leo umekuja kutucheka tena?" Nikamwomba radhi, na pia nikamwomba anionyeshe anavyopika. Akanipa kigoda, akanipa na vitunguu nivimenye.

Ndugu msikilizaji, kwanza tuulizane hili jina. Neno pilau halikuzaliwa kwetu. Asili yake ni Uajemi, na limesafiri nchi nyingi: Wahindi husema pulao, Waturuki husema pilav, Wauzbeki husema palov. Wauzbeki hutia karoti na nyama, na watu wa Kabul huongeza zabibu kavu. Mwaka 2016 UNESCO iliingiza pilau ya Uzbekistan na ile ya Tajikistan katika orodha yake ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Sasa, vyakula hivi havifanani rangi, wala havifanani viungo. Kinachoviunganisha ni namna ya kupika: mchele huivia ndani ya mafuta na supu yenye viungo, ukanywa ladha yote mpaka ndani ya punje. Ndiyo tofauti yake na biriani ya pwani, ambayo mchuzi wake mzito hupikwa mbali na wali, vikaja kukutana baadaye. Kwa hiyo pilau ni jina la namna ya kupika, wala si jina la rangi.

Namna hiyo niliiona kwa macho yangu. Mama alichemsha nyama kwanza na tangawizi, kitunguu saumu na chumvi, akaiweka supu pembeni. Kisha akatia mafuta sufuriani, na vitunguu vingi vilivyokatwa vyembamba. Hapo ndipo kazi ilipo. Vitunguu vilianza vyeupe, vikawa vya dhahabu, vikaelekea kahawia, na yeye hakuondoa mwiko wala macho. "Ukiwahi kutoa, pilau ni nyeupe. Ukichelewa kidogo tu, ni chungu. Hapa siitiki hata nikiitwa na mume wangu," alisema. Rangi halali ya pilau hutoka hapo, kwenye kitunguu kilichokaangwa kwa subira, na baadaye kwenye supu.

Ndipo vikafuata viungo: bizari nyembamba, ambayo Unguja huiita uzile, kisha iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Alivitia kwenye mafuta, hakuvitupa majini, kwa sababu harufu ya viungo imo katika mafuta yake ya asili, nayo hutoka vizuri zaidi ikikutana na mafuta ya moto. Bizari ndiyo inayofanya mpita njia ajue ni pilau kabla hajaona sufuria. Karafuu zilikuwa chache, maana zikizidi hutawala sufuria nzima. Akarudisha nyama, akamimina supu, ikachemka, ndipo akatia mchele. Maji yalipokaribia kukauka alifunika, akapunguza moto chini na kupanga makaa juu ya mfuniko.

Tazameni safari iliyomo katika sufuria hiyo moja. Karafuu asili yake ni visiwa vya Maluku huko Indonesia, ikapandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Iliki na pilipili manga asili yake ni kusini mwa Uhindi, na leo iliki hulimwa katika milima ya Usambara. Bidhaa za pwani zilifika bara kwa misafara iliyopitia Tabora, na reli ikafika Mwanza mwaka 1928. Lakini mchele ni wa kwetu: unatoka kwenye majaruba ya Magu, Kwimba, Misungwi na Sengerema. Basi pilau ya Nyakato si ya kuazima. Jina limetoka mbali, punje ni za Usukumani.

Tukiwa tunasubiri makaa yafanye kazi yake, nilimuuliza mama kama biashara inakwenda. Akaniambia hivi: "Jumapili iliyopita nilirudisha nusu sufuria nyumbani. Watoto walifurahi, wamekula pilau siku mbili. Lakini hela ya marejesho ya kikundi haikupatikana, nikakopa kwa jirani. Vitunguu vikipanda bei, mwenzangu hana habari, yeye ana chupa. Na wateja wanasema yake ndiyo imekolea. Hata mimi, baba, juzi nilisimama dukani nikaishika ile chupa."

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku ile niliona kwamba si kila mara. Chema hujiuza pale tu mnunuzi anapokijua. Mimi nilinunua kwa macho, na kwa maneno yangu nikawafundisha wateja wengine nao wanunue kwa macho. Simlaumu sana mwenye chupa, kwa sababu anauza tunachokitaka. Sisi wateja ndio tunaomsukuma mpishi mwaminifu kwenda dukani kushika chupa.

Kwa hiyo, ndugu zangu, kesho ukiletewa sahani usiulize kama ni nyeusi. Inusie bizari kwanza. Tafuna punje yenyewe bila kachumbari: kama ladha imeingia ndani, hiyo ni pilau, hata kama rangi yake ni ya majani makavu. Kama punje ndani ni tupu na ladha ipo juu juu tu, huo ni wali uliopakwa rangi, nao uuzwe kwa jina lake na kwa bei yake.

Mama alifunua sufuria saa tano. Nilikula sahani mbili, nikalipa tatu, ile ya tatu ikiwa ni ya Ijumaa niliyomkimbia. Kisha nikasimama pale pale mlangoni, kwa sauti ile ile niliyomchekea, nikawaambia waliokuwa wakipita: "Karibuni, pilau ipo hapa."

Hadi juma lijalo, kwaherini.