Chagua Pikipiki Unayoweza Kuinyanyua

(Mazungumzo ya bwana shamba mstaafu, mwanafunzi wa zamani wa shule yetu, mbele ya wanachama na wanafunzi siku ya mkutano wa mwaka.)



Katibu aliniomba nizungumze juu ya kazi ya bwana shamba. Nilimjibu kwamba kazi hiyo niliifanya zaidi juu ya kiti cha pikipiki kuliko juu ya kiti cha ofisi, kwa hiyo nitazungumza juu ya pikipiki. Miongoni mwenu wamo watakaokuwa walimu, wauguzi na mabwana shamba katika vijiji vya Mbeya, Iringa, Njombe na Songwe. Wengi mtanunua pikipiki kabla hamjajenga nyumba. Na wengi mtaichagua kwa macho, kama nilivyofanya mimi.

Nilipotoka chuoni Uyole mwaka 1986, pikipiki za kazi tulizozijua zilikuwa Honda XL 125, Suzuki TF 125 na Yamaha AG 100. Zote zilikuwa nyepesi, na zote zilikwenda kwenye lami na kwenye vumbi. Yangu ilikuwa AG 100, iliyoundwa kwa ajili ya wakulima na wafugaji. Ilikuwa na keria mbele na nyuma, mnyororo wake ulifunikwa wote usiingie tope, na ilikuwa na mguu wa kusimamia kila upande. Haikuwa na sura ya kumfanya mtu ageuke kuitazama, nami, kijana wa mjini, niliionea haya.

Mwaka 1992 mtaalamu mmoja wa kigeni alikuwa anarudi kwao, akaniuzia pikipiki yake ya cc 600. Ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 150, na nikikaa juu yake ni ncha za vidole tu zilizogusa chini. Mjini Mbeya watu waligeuka kutazama. Nilifurahi wiki tatu.

Wiki ya nne ilikuwa Machi, mwezi wa mvua. Nilikuwa napanda kutoka Isyonje kwenda Kitulo kwa safari ya Makete, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Iringa. Ukungu ulikuwa mzito, na barabara ilikuwa imechimbwa na malori ya viazi. Gurudumu la mbele liliingia katika mfereji wa tairi. Nilitaka kuweka mguu chini, mguu haukufika. Tulianguka pamoja, pikipiki juu, mimi chini, na egzosi ikaulalia mguu wangu wa kulia. Kovu ninalo mpaka leo, na vijana wanaotaka kuliona nitawaonyesha baada ya chakula.

Nilijaribu kuisukuma nikashindwa. Nilipiga kelele, ukungu ukazimeza. Nilikaa pale karibu saa mbili, mvua ikininyeshea, nikifikiri juu ya mke wangu na mtoto wetu wa miezi minne. Mwishowe akatokea mama mmoja na mwanawe, wametoka shambani kwa viazi. Walipoiondoa, mama yule akaitazama pikipiki, akanitazama mimi, akauliza: "Mwanangu, hii pikipiki ni yako, au wewe ndiwe wake?"

Ndugu zangu, somo langu lote la leo limo katika swali lile. Usichague pikipiki kwa siku unapoitoa dukani. Ichague kwa siku mbaya kuliko zote, siku utakapokuwa peke yako, kwenye tope, imeanguka. Kama huwezi kuinyanyua siku hiyo, si yako.

Kwa hiyo jaribio la kwanza ni hili. Omba ruhusa ya mwenye duka, ilaze pikipiki taratibu, kisha uinyanyue. Usivute kwa mikono kama unayevuta ng'ombe. Ipe mgongo, egemeza makalio kwenye kiti, shika usukani kwa mkono mmoja na chuma cha keria kwa mwingine, sukuma kwa miguu. Ukishindwa kwenye sakafu kavu, tope la Mufindi halitakuhurumia.

Jaribio la pili ni urefu. Pikipiki za lami na vumbi zina viti virefu, nyingi zaidi ya sentimeta 80 kutoka chini. Kaa juu yake na viatu vyako vya kazi. Nyayo zisipokanyaga vizuri, tafuta nyingine.

Jambo la tatu ni nguvu. Msidhani nasifu injini ndogo kupita kiasi. Kadiri unavyopanda, hewa inakuwa nyepesi, na injini hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Uwanda wa Kitulo uko karibu mita 2,600, kwa hiyo huko robo ya nguvu haipo. Cc 100 iliyochoka, yenye mzigo, itakulilia kwenye zile kona 57 za kutoka Chimala hadi Matamba. Kwa mtu mmoja na mzigo wake, cc 125 mpaka 200 zinatosha milimani, na zinatosha pia kwenye lami ya Uyole hadi Igawa, mradi usishindane na malori ya Zambia.

La nne ni magurudumu. Gurudumu kubwa la mbele, la inchi 19 au 21, huvuka mashimo ambayo dogo huingia. Ringi za spoku zikipinda fundi hunyoosha. Za kumiminwa zikipasuka ni za kutupa. Tairi lenye meno makubwa hushika tope, lakini huteleza kwenye lami yenye maji. Chukua la katikati.

La tano ni vipuri. Kabla ya kulipa, mwulize fundi wa kijiji unakokwenda, si wa mjini, kama anaifahamu. Pikipiki nyingi za bodaboda zilizojaa sasa hazikuundwa kwa tope, lakini waya wa klachi utaupata karibu kila senta. Bora pikipiki ya wastani yenye spea Tukuyu na Mafinga kuliko bora inayongoja spea kutoka Dar es Salaam.

La sita ni sheria. Pikipiki za mashindano zisizo na taa wala indiketa si za barabarani, hata ukiuziwa kwa bei ya kutupa. Hakikisha kadi ina jina lako, namba ipo, bima ipo, na leseni yako ni ya daraja A. Na kofia ngumu ivaliwe na wote wawili. Utafiti umeonyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69, na ya kufa kwa asilimia 42. Ikiwa fedha hazitoshi pikipiki na kofia, basi bado hazijatosha pikipiki.

Mtaniuliza ile cc 600 iliishia wapi. Niliiuza mwezi uleule, kwa hasara, nikarudi kwa bwana wangu wa kazi kuomba ile AG 100 niliyoionea haya. Alicheka, akanipa. Ilinipeleka Makete na kunirudisha nyumbani miaka saba. Yule mtoto wa miezi minne sasa ni mwalimu wilayani Kilolo. Mwezi uliopita alinunua pikipiki, na kabla ya kulipa aliilaza chini dukani akainyanyua, watu wakimshangaa. Mimi sikushangaa.