Mzazi Akiisha Kuondoka
Dominika ya 6 ya Mwaka A (Mt 5:17-37)



Katika Injili ya leo Bwana wetu anatuonyesha mtu aliyefika mbele ya altare na sadaka yake. Akikumbuka hapo kwamba nduguye ana neno juu yake, aiache sadaka, aende kwanza kupatana naye, ndipo arudi kuitoa. Tuangalie vema: Yesu hamtaji hapa yule aliyekosewa. Anamtaja yule anayelalamikiwa na mwenzake. Huyo ndiye anayetakiwa kuinuka na kwenda.

Agizo hilo lina uzito wa pekee mzazi anapofariki. Kitabu cha Mwanzo chatueleza kwamba Yakobo aliishi Misri miaka 17, wanawe wakiwa karibu naye, wakilishwa na Yosefu. Machoni pa watu walikuwa wamekwisha kupatana. Lakini baba alipozikwa, kaka zake Yosefu waliingiwa na hofu: sasa mzee hayupo, je, hatalipiza kisasi? Yosefu alipoupata ujumbe wao alilia. Kumbe miaka yote hiyo amani yao ilikuwa imeegemea fimbo ya mzee.

Hayo tuliyaona tulipokuwa tukihudumu katika parokia moja ya kijijini. Mama mjane alifariki, akaacha binti wawili waliokuwa hawasemezani kwa miaka mingi. Mkubwa alibaki nyumbani akimwuguza mama. Mdogo alikaa mjini akileta fedha za dawa. Kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyembeba mama, na mwenzake alitazama tu. Mama alipokuwa hai walikutana kwake kila Noeli, wakala kimya kwa heshima yake. Siku ya mazishi walikaa mikeka miwili. Mdogo alitueleza baadaye kwamba alikuwa ameacha hata kusali Baba Yetu, kwa kuwa kila alipofika kwenye maneno ya kusamehe, ulimi ulikwama.

Baada ya matanga walifungua sanduku la mama ili nguo zigawiwe. Chini ya kanga walikuta stakabadhi za nia za Misa, za miaka kadhaa, zimefungwa kwa uzi. Zote zilikuwa na nia moja: upatano wa binti hao wawili, majina yao yakiwa katika mstari mmoja.

Mdogo ndiye aliyetangulia: "Dada, nisamehe. Ulimwuguza mama peke yako."

Mkubwa akajibu: "Na dawa zake ulilipa wewe, mdogo wangu, nami sikumwambia mtu."

Hatusemi kwamba yote yalikwisha siku ile. Suala la shamba liliwachukua muda, na wazee wa ukoo waliitwa zaidi ya mara moja. Lakini nia ya Misa ya arobaini waliileta pamoja, na mdogo, akiisha kuungama, alipokea tena Komunyo Takatifu.

Wahenga walisema: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hiyo yawaonya majirani wasijitie katika ugomvi wa ndugu. Isiwe kisingizio kwa ndugu wenyewe, wakingoja siku ziwapatanishe. Siku zikipita zenyewe hazipatanishi mtu. Huwachukua wazazi, kisha hutuchukua na sisi.

Basi, sisi ambao wazazi wetu wangali hai, tusiwatwishe mzigo wa kutuunganisha. Na sisi tuliofiwa, tunapowaombea marehemu wetu, tujiulize kama tunawanyima lile waliloliomba kwa Mungu. Leo, padre atakapotualika kutakiana amani, tumkumbuke yule asiyekuwapo kanisani. Kisha twende kwake. Tusianze na shamba. Tuanze na wema wake ambao hatujawahi kuutaja.

Baba wa mbinguni, ambaye mbele yake sote tu watoto, atujalie neema hiyo kwa Kristo Bwana wetu. Amina.