Kulala Nje Si Kosa la Jinai

Katika miji mikubwa ya nchi jirani, askari wa doria ndiye mtumishi wa umma wa kwanza, na mara nyingi wa pekee, anayekutana usiku na mtu asiye na makao. Wakati huo mwalimu amelala, na afisa wa ustawi wa jamii amekwisha kufunga ofisi yake. Ni askari anayemkuta mtoto amejikunyata juu ya boksi kwenye baraza ya duka. Uamuzi atakaoutoa katika dakika hizo chache waweza kuwa mlango wa kumwokoa mtoto huyo, au mlango wa kumwingiza katika uhalifu.

Kwa miaka mingi uamuzi huo ulikuwa umekwisha kutolewa na mkoloni. Mwaka 1824 Waingereza walitunga sheria ya kuwaadhibu wazururaji nchini mwao, na baadaye wakazieneza sheria za namna hiyo katika makoloni yao. Mwafrika aliyeonekana mjini bila kazi wala nyumba alihesabiwa kuwa mkosaji. Nia haikuwa kumpatia makao, bali kumwondoa machoni pa walowezi na kumsukuma akawe kibarua mashambani.

Jambo la kusikitisha ni kwamba bendera zilibadilika, lakini sheria hizo zikabaki. Kenya, iliyopata uhuru mwaka 1963, ilifuta Sheria yake ya Uzururaji mwaka 1997. Nchini Malawi, Mahakama Kuu ilitamka mwezi Januari 2017 kwamba kifungu cha uzururaji kilivunja katiba. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake mjini Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo haziafikiani na Mkataba wa Afrika. Mahakama ya Katiba ya Uganda nayo ikavibatilisha vifungu vya uzururaji mwezi Desemba 2022.

Je, kufutwa kwa sheria kunatosha? La, hasha. Kumwambia mtu kwamba hana kosa hakumpatii paa la kujisitiri. Hesabu ya watu wa mitaani iliyofanywa nchini Kenya mwaka 2018 ilionyesha watu 46,639, miongoni mwao 15,337 wakiwa Nairobi na 7,529 Mombasa. Idadi hiyo haiwezi kumalizwa kwa karandinga. Mwezi Februari 2019, watoto wa mitaani wa mji wa Nakuru walipakiwa magarini na kwenda kuachwa katika kaunti ya Baringo. Tendo hilo halikumpatia mtoto hata mmoja makao. Lilihamisha unyonge kutoka mahali pamoja kwenda pengine, na kuwafundisha watoto kumkimbia kila mwenye mamlaka.

Hata hivyo, Kenya hiyo hiyo ina mfano mwingine. Mwaka 1959, vita vya kupigania ardhi na uhuru pamoja na hali ya hatari vilikuwa vimewaacha watoto wengi wakirandaranda Nairobi bila wazazi wala makao. Geoffrey Griffin, aliyepata kuwa ofisa katika jeshi la kikoloni la KAR, alishirikiana na Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu kufungua kituo katika vibanda viwili vya bati. Watoto walipata chakula na mahali pa kulala, kisha wakapata masomo. Kituo hicho, Starehe, kilikua hata kikawa moja ya shule mashuhuri za Kenya. Griffin ndiye pia aliyekabidhiwa kuongoza Huduma ya Vijana kwa Taifa ilipoanzishwa mwaka 1964.

Mwaka 1973, Padre Arnold Grol alianzisha shirika la Undugu kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiwaelekeza wenye magari mahali pa kuegesha ili wapate senti za kula. Mwaka 2003, serikali ya Kenya iliunda mfuko maalumu wa kurekebisha maisha ya familia za mitaani, na mamia ya vijana wakaingizwa katika Huduma ya Vijana kwa Taifa kujifunza kazi za mikono. Aliyekuwa akiitwa chokoraa akavaa sare, akapanga foleni ya chakula na wenzake, na akaitwa kwa jina lake.

Mifano hiyo ina somo moja. Kitanda na chakula hutangulia, kwa kuwa mwenye njaa hafundishiki. Kisha hufuata kutafuta jamaa zake, na mwisho shule au ufundi. Kituo kinachotoa kitanda peke yake hugeuka kuwa kituo cha njiani, na mtu hurudi barabarani alikotoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika miji ukuta huo ni ukuta wa gereza.

Hakuna anayedai kwamba askari afumbe macho. Mwizi ni mwizi, awe na nyumba au asiwe nayo. Lakini mtu hukamatwa kwa alilolitenda, hakamatwi kwa kukosa pa kulala. Askari anayejua kituo cha malazi kilipo katika eneo lake, na anayemfahamu afisa wa ustawi wa jamii, ana uwezo ambao rungu halina. Mtoto aliyepelekwa kituoni hapo usiku mmoja na askari mwenye sauti ya upole hatamkimbia askari usiku wa pili. Huenda ndiye atakayekuja kumweleza ni nani aliyevunja duka.

Ulinzi wa raia hauna budi kuanza na raia mnyonge kuliko wote, na huyo ndiye anayelala nje.