Gari Lako Liko Meli Gani?

Msikilizaji wa Donholm, Umoja, Kayole au Buruburu, ukiagiza gari kutoka Japani kupitia yadi, usiishie kuuliza bei na rangi. Uliza lilisajiliwa lini kwa mara ya kwanza kule lilikotoka.

Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, haliruhusu gari kuukuu lililopita miaka minane, na hesabu huanzia mwaka wa usajili huo wa kwanza. Gari lililosajiliwa 2018 lilipaswa kutua nchini kabla ya 2025 kwisha. Kulilipia na kulipakia melini Desemba hakutoshi. Meli ikichelewa njiani, Januari gari limeshazeeka kisheria, na bandari ya Mombasa si mahali pa kubembelezana.

Kwa hiyo wanaoagiza mwishoni mwa mwaka wakimbilie gari la mwaka wa mbele. Ni ghali zaidi, naam, lakini nafuu kuliko kulirudisha ng'ambo.

Gari likichelewa, idai yadi nakala ya hati ya shehena. Ina jina la meli na namba ya chesisi; meli unaweza kuifuatilia kwa simu. Anayekujibu "liko njiani" kila wiki bila kukuonyesha karatasi, mtilie shaka. Ukiweka arbuni, mapatano yaandikwe: tarehe ya kufika, na pesa zirudishwe lini lisipofika.

Ushuru ukishalipwa, usajili hufanyika kwa mamlaka ya usafiri, NTSA, kupitia mtandao wa serikali wa eCitizen. Hakikisha umiliki unasoma jina lako, si la yadi, kabla ya kumaliza salio.