Nyota Kali na Wingu Hafifu



Mwezi wa Februari, kati ya saa mbili na saa tatu usiku, ukitoka nje hapa Kenya na kuinua macho, utaona karibu na utosi nyota tatu zilizojipanga mstari mmoja. Huo ni mshipi wa Orioni, ambaye Biblia humtaja pamoja na Kilimia katika kitabu cha Ayubu na cha Amosi. Ile nyota ya upande wa mashariki inaitwa Alnitak, jina lililotoka katika Kiarabu, na maana yake ni mshipi.

Karibu na Alnitak kuna mawingu mawili ya gesi na vumbi, ambayo wataalamu huyaita nebula. Moja huitwa Mwali wa Moto, na la pili Kichwa cha Farasi. Hilo la pili ni vumbi jeusi linaloziba mwanga mwekundu wa gesi iliyo nyuma yake, ndiyo maana umbo lake huonekana kama kivuli. Kutoka kwenye nyota hadi kwenye kichwa hicho ni kama upana wa mwezi mpevu tu.

Basi, wako watu wengi wa kawaida, si wataalamu, wanaopenda kupiga picha za mawingu hayo kwa darubini na kamera. Taabu yao ni Alnitak. Wakiiacha kamera wazi kwa dakika tano, wingu hafifu huanza kuonekana. Lakini kwa muda huo huo nyota hufurika, kama kikombe kilichoachwa chini ya bomba, na kuwa doa jeupe linalomwagikia majirani. Wakiifungua kwa muda mfupi sana, nyota hutoka vizuri, lakini wingu halipo.

Wafanyeje? Kuifuta nyota ni kusema uongo, maana nyota ipo. Kuiacha ifurike nako ni uongo, maana mawingu yapo.

Mpiga picha mwenye subira hupiga picha nyingi, za muda mfupi na za muda mrefu, kisha huziunganisha katika kompyuta. Haba na haba hujaza kibaba: picha 4 zikiunganishwa, zile chengachenga hupungua kwa nusu, zikiwa 16, hubaki robo. Nyota huichukua katika picha za muda mfupi, na wingu katika zile za muda mrefu. Anapoliongezea wingu mwanga, huiwekea nyota kifuniko isije ikazidi. Siku hizi ziko hata programu za kuzitenga nyota na wingu, ili wingu litengenezwe peke yake, kisha nyota zirudishwe. Lakini mtu mwaminifu huilinganisha kazi yake na picha za kwanza, asije akaonyesha kitu ambacho kamera haikukiona.

Tena kuna jambo la kushangaza. Mara nyingi nyota hiyo huzungukwa na duara kubwa la mwanga. Duara hilo haliko mbinguni! Ni mwanga uliogonga vioo vya kamera yenyewe na kurudi. Kosa si la nyota, ni la vioo vyetu.

Na aliyekiona Kichwa cha Farasi kwanza alikuwa nani? Alikuwa Williamina Fleming, mwanamke wa Uskoti aliyehamia Marekani mwaka 1878. Mumewe alimwacha akiwa mja mzito, naye akapata kazi ya utumishi nyumbani kwa Profesa Edward Pickering, mkuu wa kituo cha kuchunguza nyota cha Harvard. Baadaye profesa alimwajiri kituoni, na mwaka 1888 mama huyu akaliona umbo hilo katika picha ya kioo. Lakini orodha kubwa ya mawingu ya angani ilipotolewa mwaka 1895, jina lake halikuwamo. Liliandikwa la Pickering tu. Orodha ya mwaka 1908 ilimtaja mama huyu kwa yale aliyoyagundua baadaye, lakini si kwa Kichwa cha Farasi.

Unaona, ndugu yangu? Jina kubwa lilifurika, likamfunika aliyefanya kazi.

Katika kila kamati, kila jamaa na kila ushirika yupo Alnitak wake: mwenye sauti, mwenye mali, mwenye elimu. Hatuambiwi tumzime, nuru yake ni ya kweli. Bali tumpe kipimo chake. Na tujichunguze, kwa maana huenda lile duara kubwa linalomzunguka limetoka katika vioo vyetu wenyewe, kwa jinsi tunavyomtazama na kumsifu.

Na yule mjane anayekaa nyuma, na kijana asiyejua kupanga maneno, dakika moja haimtoshi. Mfungulie muda mrefu. Juma hili, mkutano wenu utakapokaribia kufungwa, muulize yule ambaye hajasema neno. Kisha ungoje, usimjibie. Na kumbukumbu zikiandikwa, jina lake liandikwe kwenye wazo lake.