Eliya Chini ya Mretemu



Kwetu yuko mtu mzima ambaye usiku moyo humwenda mbio, jasho likamtoka, naye hajui aogopalo. Mchana hana nguvu hata ya kuchuma chai. Sisi humwambia aongeze maombi. Wengine hunong'ona kwamba amerogwa. Tumekosa, ndugu zetu.

Eliya alimkimbia Yezebeli kwa hofu. Kisha, chini ya mretemu, akaomba afe. Hofu na huzuni zilimpata pamoja, kama ziwapatavyo wengi. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili.

Basi tumsindikize mgonjwa wetu mpaka hospitali kuu ya Kisii. Amweleze daktari yote mawili, maana mara nyingi mtu hutaja kukosa usingizi tu, akaficha huzuni. Dawa zake huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Asiziache ghafula, hata baada ya kuombewa. Na akisema anatamani kufa, tusimwache peke yake. Twende naye siku iyo hiyo.